Kosa lenye heri: je, Mkristo anaweza kushukuru kwa ajili ya anguko la Adamu?

Msomaji wa Umoja

Bwana Yesu asifiwe, ndugu na dada zangu. Naomba msaada wa wale waliosoma Maandiko na fasihi kwa kina, kwa sababu kuna swali ambalo limekikwamisha kikundi chetu cha usomaji hapa Nairobi, nami sitaki kulijibu juu juu.

Nililelewa katika kanisa la Kiprotestanti, lakini nimeolewa katika familia ya Kikatoliki, na Pasaka hii niliandamana na mume wangu kwenye Kesha katika parokia ya mtaani kwetu. Taa zilizimwa, waumini wakashika mishumaa, na shemasi akaimba Mbiu ya Pasaka mwanzo hadi mwisho. Katikati ya wimbo nikasikia jambo ambalo sijapata kulisikia kanisani kwetu, kwamba dhambi ya Adamu ilikuwa ya lazima, na kwamba kosa lile lilikuwa lenye heri, kwa kuwa ndilo lililotupatia Mkombozi mkuu namna hii. Watu walisikiliza kwa utulivu, na hakuna aliyeonekana kushtuka.

Pengine ningelinyamazia, lakini kikundi chetu kinasoma Paradise Lost, utenzi mkuu wa Mwingereza John Milton, ambao nakala zake tulizikusanya moja moja kutoka kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara katikati ya jiji. Tumefika kitabu cha 12, ambacho ndicho cha mwisho. Humo Adamu, baada ya malaika Mikaeli kumsimulia habari za kuja kwa Masihi, anasema kwamba amejaa shaka, hajui kama aitubie dhambi aliyoitenda au afurahi zaidi kwa kuwa wema mkubwa utachipuka kutokana nayo. Kijana mmoja akauliza mbele ya wote: ikiwa mambo ni hivyo, basi Shetani si alitufanyia hisani? Na kwa nini tunaambiwa tuyakimbie majaribu? Mwenzake akajibu kwamba hata kuliuliza swali hilo ni kufuru, na mazungumzo yakavunjika hapo.

Nauliza basi: je, ni halali kwa Mkristo kuliita anguko lile heri? Na ikiwa ni halali, tulisemeje bila kumfundisha mtu kwamba dhambi ni njia ya kuifikia neema?

Katekista wa Jogoo Road

Tumsifu Yesu Kristo.

Dada, nafurahi kwamba uliisikiliza Mbiu kwa makini, maana wengi wetu tuliozaliwa ndani yake huisikia kila mwaka pasipo kuuliza inasema nini. Wimbo huo ni wa kale mno katika Kanisa la Kilatini, na mahali unapoimbiwa ni sehemu ya maana yake. Shemasi huuimba kando ya mshumaa wa Pasaka, usiku ambao Kanisa linatangaza kwamba Kristo amefufuka. Anayeyatamka maneno yale hayuko Edeni, wala tunda haliko mbele yake. Yuko kwenye kaburi lililo wazi, na kutoka hapo anageuka kuitazama njia yote iliyopitwa. Ukiyachukua maneno hayo na kumpa mtu aliyesimama mbele ya kishawishi, akayatumia kujipa ruhusa, utakuwa umeyageuza kuwa kinyume cha yalivyokusudiwa. Hatari hiyo ilionekana zamani, kiasi kwamba katika Karne za Kati kulikuwa na makanisa na monasteri huko Ulaya yaliyoyaondoa maneno hayo katika Mbiu kwa kuogopa kwamba yangeeleweka vibaya.

Fikra yenyewe iko karibu sana na mafundisho ya Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Kaskazini aliyezaliwa Thagaste mwaka 354 na kufa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, katika nchi tunayoiita leo Aljeria. Aliandika kwamba Mungu aliona ni bora kutoa mema katika mabaya kuliko kutoruhusu baya lolote liwepo. Tazama sifa zinakwenda kwa nani katika maneno hayo. Zinakwenda kwa Yule anayetoa mema, na baya linabaki kuwa baya. Ndiyo maana Mtume Paulo, baada ya kusema kwamba pale dhambi ilipozidi neema ilikuwa nyingi zaidi, alilikabili papo hapo swali la kijana wako: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Swali hilo lina umri sawa na Waraka kwa Warumi, kwa hiyo kijana asiambiwe kwamba amekufuru.

Ningependa pia msome kitabu cha pili cha Maungamo ya Augustino. Anasimulia kwamba alipokuwa na miaka 16, yeye na wenzake walikwenda usiku wa manane kuutikisa mpeazi uliokuwa karibu na shamba la mizabibu la kwao, wakabeba mapeazi mengi, wakaonja machache na mengine wakawatupia nguruwe. Nyumbani alikuwa na mapeazi mazuri kuliko yale. Hakuwa na njaa. Kurasa baada ya kurasa anajihoji alitafuta nini usiku ule, na jibu analolipata linamtisha: aliupenda uovu wenyewe, na asingelifanya jambo lile kama angekuwa peke yake. Kisha, akishukuru kwa kusamehewa, anaongeza jambo ambalo nadhani ndilo jibu la kijana. Anasema kwamba anaihesabu kuwa neema ya Mungu pia kila dhambi ambayo hakuitenda, na kwamba yule ambaye hakuanguka asimcheke aliyeanguka akaponywa, kwa sababu ni Tabibu yule yule aliyemzuia huyu asiugue. Aliyezuiwa na aliyeinuliwa wana deni moja. Hakuna anayelazimika kuanguka ili apate cha kushukuru.

Mwalimu wa Fasihi

Nimemsoma Katekista kwa furaha, nami nitabaki upande wa utenzi, kwa kuwa nimeufundisha kwa miaka mingi na najua mahali vijana wanapokwama.

Milton alikuwa kipofu kabisa kufikia mwaka 1652, akiwa na umri wa miaka 43. Aliitumikia serikali ya jamhuri iliyotawala Uingereza baada ya kuuawa kwa Mfalme Charles wa Kwanza, na ufalme uliporudi mwaka 1660, baadhi ya vitabu vyake vilichomwa hadharani kwa amri ya serikali, naye akatiwa kizuizini kwa muda. Utenzi huu aliutunga gizani, akiwatajia watu beti, nao wakamwandikia, ukachapishwa mwaka 1667 ukiwa na vitabu 10, kisha mwaka 1674 ukapangwa upya kuwa na vitabu 12. Mtu aliyeona tumaini la maisha yake yote likibomoka haandiki neno "furaha" kwa wepesi. Nalisema hili kwa sababu nimeona wasomaji wakiirukia kauli ile ya Adamu kana kwamba ndiyo hitimisho la kitabu, na tangu mwanazuoni wa Marekani Arthur Lovejoy alipoandika makala yake juu ya jambo hili mwaka 1937, wasomi wamekuwa wakibishana kuhusu uzito wake.

Angalieni kauli hiyo imewekwa wapi. Kabla ya kuitamka, Adamu amekwisha kuoneshwa katika kitabu cha 11 ndugu akimuua ndugu yake, nyumba iliyojaa wagonjwa wa kila namna, vita, na gharika. Adamu mwenyewe anasema ana shaka. Hasemi kwamba amehakikisha. Na Mikaeli hamjibu kwa kumwambia kwamba amenena vyema. Anaendelea na masimulizi, akaeleza jinsi mbwa mwitu wakali watakavyoingia mahali pa walimu baada ya mitume kuondoka. Malaika anaposikia furaha ya Adamu, habari anayomwongezea ni ya mateso ya Kanisa.

Lakini jibu hasa kwa swali la hisani ya Shetani liko katika kitabu cha tisa, nami nawaomba mkisome tena polepole. Nyoka anamkuta Hawa akiwa peke yake, anamsifu kama malkia, na kumwambia kwamba yeye alipata kusema kwa kula tunda la mti fulani. Wakati ni karibu na adhuhuri, njaa imeamka, na harufu ya tunda inavuta. Hawa anakula. Kitendo chake cha kwanza baada ya kushiba ni kuuinamia mti kwa heshima, yeye ambaye asubuhi alikuwa akimsifu Muumba. Kisha anaanza kupiga hesabu: je, amwambie Adamu, au alifiche jambo hili ili naye awe juu kidogo? Halafu wazo jingine linamwingia, kwamba huenda akafa na Adamu akaishi na Hawa mwingine, na hapo ndipo anapoamua kwamba Adamu lazima ale pia. Uamuzi huo anauita upendo.

Adamu wakati huo alikuwa amemsukia shada la maua la kumvika kichwani, na alikuwa anakuja kumlaki. Aliposikia habari, mkono wake ulilegea, shada likaanguka, na mawaridi yote yakanyauka na kupukutika. Hayo ndiyo maua ya kwanza kunyauka katika utenzi mzima, na mimi siwezi kuisoma sehemu hiyo darasani bila kusimama kidogo. Adamu hakudanganyika. Alikula akijua, kwa sababu hakutaka kuishi bila Hawa. Saa chache baadaye wawili hao wanalaumiana, na kitabu kinafungwa wakiwa bado wanalaumiana, kila mmoja akimhukumu mwenzake na hakuna anayejihukumu mwenyewe. Ikiwa hiyo ni hisani, mfadhili wake ni wa ajabu.

Kuhusu mvuto wa Shetani, ambao mshairi William Blake aliusema zamani alipodai kwamba Milton alikuwa wa chama cha Ibilisi bila kujijua, waambieni vijana wamfuate Shetani hadi mwisho wasiishie vitabu viwili vya mwanzo. Jemadari yule wa kitabu cha kwanza, katika kitabu cha nne anatua juu ya Mti wa Uzima kama ndege mlafi, kisha anakutwa amechutama kama chura sikioni mwa Hawa aliyelala. Katika kitabu cha kumi anarudi kwa majeshi yake akitarajia shangwe, anasikia mlio wa nyoka, naye anaanguka chini akiwa nyoka pamoja nao, wote wakila matunda yanayogeuka majivu midomoni mwao.

Mshauri wa Mathare

Naomba niseme kwa heshima zote kwamba majibu haya mawili ni mazuri lakini yamemwacha mtu mmoja nje.

Kazi yangu ni kuwashauri watu wanaotaka kuacha pombe na kamari, pamoja na familia zao. Katika makanisa yetu mengi hapa jijini kuna desturi ya ushuhuda, nami naiheshimu, kwa kuwa nimeona jinsi inavyompa mtu ujasiri wa kuanza upya. Lakini nimekaa ibadani nikamsikia mwanamume akisimulia miaka yake ya ulevi kwa ufasaha mkubwa, waumini wakipiga makofi na kusema "Amina" kila alipofika mahali pa kutisha zaidi, huku mke wake, aliyeuza cherehani yake ili watoto wale katika miaka hiyo hiyo, ameketi safu ya tatu akitazama sakafu. Kwa yule bwana, kosa lilikuwa limekwisha kuwa lenye heri. Mama yule hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo swali langu ni hili: heri ya nani? Adamu alifarijiwa na malaika, lakini Habili aliuawa shambani na damu yake ikalia kutoka katika ardhi. Mwalimu amekumbusha kwamba Adamu alioneshwa kifo hicho kabla ya kufurahi, na hilo lina maana kubwa kwangu, kwa sababu aliyetenda hana haki ya kuwa wa kwanza kuliita kosa lake heri. Kama neno hilo litatamkwa, na litamkwe na walioumizwa, wakati wao ukifika, na usipofika wasilazimishwe.

La pili ni kuhusu namna jaribu linavyoanza, kwa sababu kijana aliyeuliza kwa nini tuyakimbie majaribu huenda anadhani kwamba atayatambua yakija. Katika Mwanzo 3 nyoka haanzi kwa kuamuru. Anauliza swali: "Ati! Hivi ndivyo alivyosema Mungu, Msile matunda ya miti yote ya bustani?" Mungu alikuwa ameruhusu miti yote isipokuwa mmoja, na kwa swali moja tu ule mmoja ukaanza kuonekana kama bustani nzima. Hawa anajibu vizuri, lakini anaongeza kwamba wameambiwa hata wasiuguse, jambo ambalo halimo katika amri ya sura ya pili. Tayari Mungu ameanza kuonekana mkali kuliko alivyo. Nakutana na jambo hilo hilo kwa vijana wanaobeti kwenye simu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba alianza kwa kutaka kuangamia. Alianza kwa kuhisi kwamba kuna kitu kizuri ambacho wengine wamepewa na yeye amenyimwa. Akashinda kidogo mwanzoni, akaamini kwamba mlango umefunguka, na karo ya mdogo wake ikafuata. Yakobo aliipanga safari hiyo kwa maneno machache kuliko yangu: tamaa humvuta mtu, ikichukua mimba huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Mimba hiyo haionekani siku za kwanza, na ndiyo sababu tunaambiwa tukimbie mapema.

Mwana wa Riruta

Kristo amefufuka!

Mimi ni Mworthodoksi, na Kanisa letu lina waumini na seminari hapa Riruta, ingawa majirani wengi hutudhania kuwa Wakatoliki. Naunga mkono sehemu kubwa ya aliyosema Katekista, ila neno "lazima" silipokei kwa urahisi, na hatufundishi kwamba tumerithi hatia ya Adamu. Tulichorithi ni mauti na udhaifu unaotokana nayo. Mtoto anazaliwa katika nyumba iliyovunjwa na babu yake; anapigwa na baridi ile ile, lakini si yeye aliyeivunja.

Kwetu anguko huombolezwa. Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima Kuu ni kumbukumbu ya kufukuzwa kwa Adamu katika Paradiso. Nyimbo za siku hiyo zinamwonesha Adamu ameketi nje, ameielekea bustani, akilia juu ya uchi wake. Jioni, waumini wote, padri akiwa wa kwanza, huombana msamaha mmoja mmoja, uso kwa uso, na ndipo mfungo unaanza. Hilo ningependa dada Mshauri alisikie, kwa sababu Kanisa haliruhusu mtu aingie katika safari ya kuelekea Pasaka akiwa amemruka aliyemkosea.

Hata hivyo, sisemi kwamba kufukuzwa kulikuwa adhabu tupu. Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya pili, aliandika kwamba Mungu alimwondoa Adamu katika Paradiso na kumweka mbali na Mti wa Uzima kwa sababu alimhurumia, ili asiendelee kuwa mwenye dhambi milele na uovu wake usiwe na mwisho. Mauti yaliwekwa kuwa mpaka wa dhambi. Someni Mwanzo 3 mkiwa na wazo hilo, na mtaona kwamba kabla ya makerubi na upanga wa moto kuna mstari mfupi ambao wengi huupita: "Bwana Mungu akawafanyia Adamu na mkewe mavazi ya ngozi, akawavika." Walikuwa wamejishonea majani ya mtini, Mungu, akijua kwamba anawatoa nje, akawavisha kwanza kwa mkono wake. Kwa Ireneo, Adamu na Hawa walikuwa kama watoto waliopaswa kukua, si watu wazima waliokwisha kukamilika, na ndiyo maana huruma ya Mungu katika maandishi yake ina sauti ya mzazi.

Mkipata nafasi, ingieni katika kanisa lolote la Kiorthodoksi muitazame ikoni ya Ufufuo. Kristo amesimama juu ya malango ya kuzimu yaliyovunjika, kufuli na misumari vimetawanyika gizani chini ya miguu yake, naye anamvuta Adamu kutoka kaburini, na mara nyingi Hawa pia kwa mkono wa pili. Anamshika kifundo cha mkono, hakumpa kiganja, kwa kuwa Adamu hana nguvu ya kushikilia.

Msomaji wa Umoja

Nawashukuru nyote kwa moyo. Dada Mshauri, maneno yako juu ya yule mama yamenigusa sana, na nitayapeleka kwenye kikundi kama yalivyo kabla hatujarudi kwenye utenzi.

Limebaki jambo moja ambalo najua kijana yule ataniuliza, kwa kuwa haachi swali nusu. Ndugu wa Riruta amelikataa neno "lazima", na Katekista hakulieleza. Je, kama Adamu asingeanguka, tungebaki bustanini milele bila kumjua Kristo? Kama jibu ni ndiyo, basi bado kijana ana hoja, kwa maana tungekuwa tumekosa kilicho kikubwa zaidi.

Katekista wa Jogoo Road

Ni swali la haki, na hata walimu wakubwa wa Kanisa hawakulijibu kwa sauti moja. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, aliona kwamba kwa kuwa Maandiko kila mahali yanataja dhambi ya mwanadamu kuwa sababu ya Umwilisho, ni afadhali kusema kwamba Mwana wa Mungu asingefanyika mwili kama dhambi isingekuwapo, lakini akaongeza kwamba uwezo wa Mungu haufungwi na hilo. Yohane Duns Scotus, Mfransisko aliyefariki mwaka 1308, alishika upande wa pili: Kristo alikusudiwa kwanza kabla ya vyote, na upendo mkuu kiasi hicho hauwezi kuwa umetokana na ajali ya kosa letu. Kanisa halijamhukumu yeyote kati yao. Kwa hiyo mtu anaweza kuiimba Mbiu kwa moyo wote na bado akaamini pamoja na Scotus kwamba Kristo angekuja. "Lazima" ya Mbiu ni ya mshangao wa mtu aliyeokolewa. Haiwekwi katika hoja ya kumfunga Mungu.

Mwalimu wa Fasihi

Nami naongeza la Milton, kwa sababu hapa utenzi wenyewe unamjibu kijana waziwazi kuliko watu wengi wanavyokumbuka.

Rudini kitabu cha tano, pale malaika Rafaeli anapokula pamoja na Adamu na Hawa mezani kwao. Anawaambia kwamba huenda wakati ukaja ambapo miili yao, kwa kuendelea kutii, itabadilika hatua kwa hatua hadi iwe roho, wapande kama malaika, wakae duniani au mbinguni kwa hiari yao. Katika kitabu cha saba Mungu mwenyewe anasema jambo la namna hiyo: kwamba mwanadamu, akijaribiwa kwa utii wa muda mrefu, atajifungulia njia ya kupanda juu, mpaka dunia iwe mbingu na mbingu dunia. Bustani haikuwa mwisho wa safari. Njia ya kwenda juu ilikuwapo tangu mwanzo, na ilipita mbali na ule mti.

Kisha someni mwanzo wa kitabu cha 11. Adamu na Hawa wamekwisha kutubu mwishoni mwa kitabu cha kumi, na kumbukeni kwamba Hawa ndiye aliyevunja mzunguko wa lawama kwa kuanguka miguuni pa Adamu na kuomba amani. Maombi yao yanafika mbinguni, na Mwana anayatoa mbele ya Baba. Baba anayapokea, anasema kwamba mauti sasa yatakuwa dawa ya mwisho ya mwanadamu, jambo linalokaribia sana aliyotuletea ndugu wa Riruta kutoka kwa Ireneo. Lakini muda mfupi baadaye, akisema mbele ya malaika waliokusanyika na kumtaja mwanadamu aliyejivunia kujua mema na mabaya, anasema kwamba angekuwa na heri zaidi kama angetosheka kuyajua mema peke yake, na mabaya asiyajue kabisa.

Adamu hakuwapo aliposema hayo, ndiyo maana katika kitabu cha 12 anaweza kuwa na shaka. Msomaji amekwisha kuyasikia. Mpe kijana kurasa hizo mbili, ya kitabu cha 11 na ya kitabu cha 12, azisome kwa sauti moja baada ya nyingine mbele ya wenzake, na yule aliyemwambia amekufuru asome za kitabu cha tano.